Uliza Shangazi wa Sinema: Jasmin Tabatabai na gitaa lake

Toleo lililopita niliigusia filamu ya Kijerumani iitwayo Bandits, ya mwaka 1997, kwa mistari michache, kisha nikapita. Nyie hamkupita. Barua zimefurika, na karibu zote zinamuulizia mwanamke mmoja. Basi ukurasa wa leo ni wake, pamoja na wenzake wachache waliozaliwa Iran wakaja kujulikana kwenye sinema na televisheni za Ujerumani. Barua nimezifupisha na majina nimeyaficha, kama kawaida yetu.

Shikamoo Shangazi. Nimeitafuta Bandits baada ya kukusoma. Yule mwenye nywele nyeusi, mpiga gitaa anayeimba kama ana ugomvi na dunia nzima, ni nani? Rafiki yangu anasema ni Mjerumani, mimi nasema huyo ni Mwajemi. Halafu, ile sauti ni yake kweli au wamemwekea ya mtu mwingine? – Mwanafunzi wa chuo

Marahaba mwanangu. Wewe na rafiki yako mpeane mikono, hakuna aliyeshindwa. Anaitwa Jasmin Tabatabai. Alizaliwa Tehran tarehe 8 Juni 1967, baba Mwirani na mama Mjerumani. Huko huko Tehran alisoma shule ya Kijerumani, hata mapinduzi yalipoitikisa Iran na familia ikahamia Ujerumani, binti huyu wa miaka kumi na kitu hakufika na lugha ya kubabaisha. Nalitaja hili mapema kwa sababu watu wengi wanapozisoma habari zake hudhani ni mkimbizi aliyeanza kujifunza Kijerumani kwa kusoma vibao vya barabarani. Sivyo. Nyumba zote mbili zilikuwa zake tangu utotoni, na yeye mwenyewe amewaandikia Wajerumani kitabu kizima juu ya familia yake, kilichotoka mwaka 2010.

Sauti ni yake. Tena si sauti tu. Nyimbo kadhaa za filamu ile alizitunga yeye. Kabla Ujerumani haijalijua jina lake, alikuwa amehitimu shule ya maigizo na muziki ya Stuttgart, kisha akawa Berlin na kikundi kidogo cha wanawake wakipiga muziki wa kantri, ule wa gitaa na kofia pana za Kimarekani. Hebu fikiria: mtoto wa Tehran, yuko Berlin, anaimba kantri. Nani angemtabiria mkate?

Sasa tazama mkate ulivyopatikana. Mwongozaji Katja von Garnier alikuwa na hadithi ya wafungwa wanne wanawake wanaounda bendi gerezani. Wanaruhusiwa kwenda kupiga kwenye dansi ya polisi, wanatoroka njiani, na wakati polisi wanawasaka, nyimbo walizozirekodi zinapanda redioni na wao wanageuka mastaa wakiwa mbioni. Watatu kati ya waigizaji walikuwa na majina tayari. Katja Riemann, aliyekaa kwenye ngoma, alikuwa nyota wa vichekesho vya mapenzi vya Kijerumani vya miaka ile. Nicolette Krebitz, wa gitaa la besi, alikuwa akijulikana. Na Jutta Hoffmann, wa kinanda, alikuwa mkongwe wa jukwaa na sinema tangu enzi za Ujerumani Mashariki. Wa nne ni Tabatabai, kama Luna, mwenye hasira za karibu. Jina lake ndilo lililokuwa dogo kuliko yote, lakini filamu nzima inategemea watazamaji waamini kwamba bendi hii inaweza kweli kushika taifa. Hapo uigizaji peke yake hautoshi. Lazima awepo mtu anayejua wimbo unaanzia wapi, anayeshika gitaa bila kulitazama. Ukiirudia filamu, usiangalie uso wake, angalia mkono wake wa kushoto.

Albamu ya nyimbo zile iliuzwa kwa mamia ya maelfu ya nakala. Kwa hiyo ukiniuliza ni nini kilichompa kazi yake yote iliyofuata, sitakuambia ni uzuri, wala bahati, wala asili yake. Nitakuambia ni gitaa.

Shangazi, mimi na mume wangu tumebishana mpaka chai ikapoa. Yeye anasema Jasmin Tabatabai ni mwimbaji aliyejaribu kuigiza. Mimi nasema ni mwigizaji anayejua kuimba. Tuamue. – Mke wa mbishi

Mwaka 2012 ulijaribu kuwaamua, nao ukashindwa. Mwaka huo Tabatabai alipewa tuzo ya ECHO Jazz kama mwimbaji bora wa kike wa Ujerumani, kwa albamu aliyoitoa mwaka 2011 na mwanamuziki David Klein. Mwaka huo huo kituo cha ZDF kilianza kurusha tamthilia ya kipolisi Letzte Spur Berlin, naye akiwa mmoja wa wapelelezi wake wakuu, kazi aliyoishikilia kwa miaka mingi. Kwa hiyo chemsheni chai nyingine.

Ila niongeze jambo ambalo mumeo huenda hajalifikiria. Baada ya mapinduzi ya 1979, mwanamke nchini Iran hakuruhusiwa tena kuimba peke yake hadharani mbele ya wanaume. Googoosh, aliyekuwa mwimbaji na mwigizaji mkubwa kupita wote katika Iran ya zamani, alibaki nchini na akanyamaza zaidi ya miaka ishirini. Aliporudi jukwaani mwaka 2000 ilikuwa ni nje ya Iran. Sasa mchukue binti aliyeondoka Tehran wakati huo huo, akajifunza kuimba mbele za watu katika nchi ya mama yake. Katika albamu zake na David Klein anaimba Kijerumani cha kumbi za kabareti za kati ya vita viwili vya dunia, halafu katikati anaingiza wimbo wa kienyeji wa Kiajemi. Katika albamu ya mwaka 2020 wimbo huo ndio uliotoa jina la albamu nzima. Mimi husikiliza huo kwanza, kisha narudi kwenye nyingine.

Mimi nina dukuduku. Kwa nini Mwirani akiigiza Ujerumani anageuzwa Mturuki, Mkurdi, Mwarabu, chochote kile? Si ni kuwadanganya watazamaji? – Msomaji asiyefurahi

Nusu ya dukuduku lako naibeba, nusu nakurudishia.

Nianze na ninayoibeba. Pegah Ferydoni alizaliwa Tehran mwaka 1983 akakulia Berlin. Jina lake lilijulikana kwa tamthilia ya kuchekesha Türkisch für Anfänger, iliyorushwa na kituo cha ARD kuanzia 2006 hadi 2008, ambamo anaigiza Yağmur, msichana wa Kituruki mshika dini, mwenye hijabu na ulimi mkali. Narges Rashidi, mzaliwa wa Khorramabad aliyekulia Ujerumani, anaonekana katika tamthilia ya Kiingereza Gangs of London kama Lale, kiongozi wa kundi la Wakurdi. Tatizo halianzi kwa mwigizaji. Linaanzia kwenye mswada: mwandishi anaandika neno "mhamiaji" kisha anaacha, na anayechagua waigizaji anatazama nywele na macho. Hapo Tehran, Istanbul na Beirut zinageuka mtaa mmoja.

Nusu ninayokurudishia ni hii: kuigiza ni kuwa usiye. Mimi nikiwa msichana nilipandishwa jukwaani kuwa bibi kizee, nikakohoa na kupinda mgongo, na hakuna bibi aliyekuja nyuma ya pazia kudai nafasi yake. Ferydoni akiwa Mturuki hajamwibia mtu kitu. Alimfanya Yağmur akawa mtu kamili, mwenye wivu, mwenye haya, mcheshi bila kukusudia. Kinachouma ni pale mlango unapokuwa huo mmoja tu, na ukifunguliwa unakuta nyuma yake kuna hijabu au bunduki.

Ndiyo sababu namtetea Mina Amiri wa Letzte Spur Berlin, hata kama wajuzi wa sinema wanazidharau tamthilia za kipolisi za ZDF. Mina Amiri, aliyeigizwa na Tabatabai, ni mpelelezi katika kikosi cha kutafuta watu waliopotea Berlin. Jina lake ni la Kiirani na halifichwi. Lakini wiki hadi wiki kazi yake ni kumtafuta baba aliyetoka kwenda kazini asifike, au msichana aliyeacha simu mezani. Mamilioni ya Wajerumani wameketi sebuleni wakamzoea mwanamke mwenye jina hilo akiwa ndiye mwenye kitambulisho cha serikali mfukoni, yeye ndiye anayeuliza maswali. Hilo halipati tuzo Cannes, lakini lina kazi yake.

Na kuna jambo jingine ambalo watazamaji hawalioni. Filamu nyingi za Tehran wanazocheza Wairani wa nje hazikupigwa Tehran. Under the Shadow ya Babak Anvari, ya mwaka 2016, ambamo Narges Rashidi ni mama aliyebaki na binti yake katika jengo la ghorofa wakati wa vita vya Iran na Iraq, ilipigwa Yordani. Women Without Men ya Shirin Neshat, iliyompa mwongozaji wake tuzo ya Simba wa Fedha kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka 2009, na ambamo Ferydoni anaigiza, ni Tehran ya mwaka 1953 iliyojengwa Casablanca. Sheria za sinema nchini Iran zinamtaka mwigizaji wa kike afunike nywele hata akiwa chumbani kwake na mumewe, na mke na mume wa kwenye filamu wasigusane. Ukitaka kumwonyesha mwanamke kama anavyokaa kwake kweli, unapanda ndege.

Shangazi, kuna filamu nimesikia Tabatabai anavaa kama mwanaume na kufanya kazi kwenye kiwanda cha kabichi. Ni kichekesho? – Mpenda vituko

Hapana, ndugu yangu, na ukiingia ukitegemea kucheka utatoka umenuna. Hiyo ni Fremde Haut, ya mwaka 2005, ya mwongozaji Angelina Maccarone. Kwangu mimi ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote.

Anaigiza Fariba, mkalimani kutoka Tehran anayekimbia kwa sababu alipendana na mwanamke mwenziwe na sheria ikawafuata. Anatua uwanja wa ndege wa Frankfurt, anaomba hifadhi, ananyimwa. Katika sehemu ile wanakowekwa waombaji yumo pia kijana wa Kiirani, Siamak, ambaye anajiua. Siamak alikuwa amepewa kibali cha muda. Fariba anachukua karatasi zake, anakata nywele, anajifunga kifua, na anaingia Ujerumani akijifanya Siamak. Anapelekwa kijijini Schwaben, kusini, anapata kibarua kwenye kiwanda cha kabichi ya kuchachusha, na huko anampenda Anne, mfanyakazi mwenziwe, aliyeigizwa na Anneke Kim Sarnau.

Habari ya uwanja wa ndege si ya kutunga. Tangu mwaka 1993 Ujerumani ina utaratibu wa haraka kwa baadhi ya waombaji hifadhi wanaofika kwa ndege, kwa mfano wasio na hati halali: wanazuiliwa kwenye eneo la uwanja kabla ya kuhesabiwa kuwa wameingia nchini. Ofisi inayohusika ina siku 2 za kuamua. Ukikataliwa una siku 3 za kukimbilia mahakama, na mahakama ina siku 14. Jumla 19. Katika siku hizo unatakiwa umweleze mtu usiyemjua, kupitia mkalimani, jambo ambalo huenda hujawahi kulitamka hata nyumbani kwenu. Filamu inamweka Fariba hapo hapo: yeye ni mkalimani kwa kazi, na siku anayohitaji maneno kuliko siku zote, la kweli hathubutu kulisema.

Nimefanya kazi ya kuandika tafsiri zinazopita chini ya picha kwa filamu za Kijerumani, na kazi hiyo inamfundisha mtu kuwapima waigizaji kwa jambo moja: ukiondoa maneno, kinabaki nini? Kwa wengine hakibaki kitu, mdomo tu. Tabatabai akiwa Siamak anasema machache, maana sauti ingemfichua, na bado unajua kila anachoogopa. Mtazame anavyokaa kati ya wanaume, mabega mapana, magoti mbalimbali, na jinsi anavyokuwa anachelewa kidogo tu kucheka, akisubiri aone wenziwe wanacheka vipi. Wala hakuongeza masharubu ya kuchekesha watu. Ni yule yule wa Bandits, lakini safari hii gitaa limewekwa kando na hana pa kujificha.

Ana mume? Ni Mwislamu? Ana umri gani hasa? – Mdadisi

Umri nimeshakupa, piga hesabu. Mwenzi wake wa maisha ni mwigizaji pia, Andreas Pietschmann. Kama umeitazama tamthilia ya Kijerumani Dark, umemwona. Dini yake hajaniomba niitangaze. Kinachojulikana hadharani ni kwamba mwaka 2022, wanawake wa Iran walipoingia mitaani baada ya kifo cha Mahsa Amini, binti aliyekamatwa na polisi kwa habari ya hijabu, Tabatabai alisimama waziwazi upande wao, kama walivyofanya waigizaji wengi wa asili ya Iran walioko Ujerumani.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 22, niko Ujerumani nasoma lugha. Tangu shule nimekuwa nikiigiza. Nataka jukwaa, si televisheni. Lakini Kijerumani changu kina lafudhi, na kila mtu ananiambia nikasomee uuguzi. Nianzie wapi? – Binti yenu

Marahaba mwanangu. Uuguzi ni kazi ya heshima, ila umeniuliza jukwaa, na mimi najibu nilichoulizwa.

Anza na shule za serikali. Ipo Ernst Busch ya Berlin, Otto Falckenberg ya München, ipo ile ya Stuttgart aliyopitia Tabatabai, na nyinginezo. Uzuri wake ni kwamba ada ni ndogo au hakuna. Ubaya wake ni kwamba kila mwaka mamia wanagombea nafasi zipatazo kumi. Utatakiwa kufika na vipande kadhaa vya kuigiza ulivyovikariri, cha zamani na cha kisasa, na mara nyingi wimbo. Usaili una raundi. Wengi wanarudishwa baada ya dakika chache za kwanza. Wasailiwa huzunguka mji hadi mji, shule hadi shule, na kukataliwa na tano kabla ya kupokewa na ya sita hakumshangazi mtu. Usichelewe, maana shule nyingi zinapendelea waombaji walio chini ya miaka 25 hivi.

Lafudhi. Hapa sitakubembeleza. Katika shule hizo Kijerumani cha jukwaani ni somo la kila siku, na usailini watataka kusikia kwamba ulimi wako unaweza kufundishika. Kukumbuka Tabatabai hakutakusaidia kwenye hili, yeye alinyonya lugha ile kwa mama yake. Wewe tafuta mwalimu wa matamshi sasa, kabla ya usaili, na ujirekodi ukisoma kwa sauti kila siku. Hata hivyo majumba ya maigizo kama Maxim Gorki ya Berlin yameonyesha kwamba waigizaji wenye lafudhi mbalimbali wanaweza kusimama jukwaa kuu na tiketi zikaisha. Mlango upo, ila ni mwembamba.

Ukipita, utakuta maisha ambayo watu wa televisheni hawayajui. Ujerumani ina majumba ya maigizo ya umma karibu 140, na mengi yana kikundi chake cha kudumu. Unaajiriwa kwa mshahara wa mwezi. Mazoezi ni asubuhi, saa nne hadi saa nane, kisha jioni saa kumi na mbili hadi saa nne usiku, isipokuwa siku una onyesho. Mchezo mmoja unafanyiwa mazoezi wiki sita hadi nane, na usiku mmoja unaweza kuwa malkia, kesho yake mti kwenye hadithi ya watoto. Mkataba kwa kawaida ni wa msimu, unajirudia wenyewe usipopewa taarifa. Kwa hiyo waigizaji wanaijua tarehe 31 Oktoba kama wakulima wanavyoijua siku ya mvua: ikipita bila barua ya kutorudishiwa mkataba, msimu ujao una kazi. Ukifikisha miaka 15 kwenye jumba moja huondoleki kirahisi, na kwa sababu hiyo hiyo wakurugenzi wengine humwaga mtu mwaka mmoja kabla. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa euro 2,000 kwa mwezi mwaka 2018, na kimepanda tangu hapo. Si utajiri, lakini ni wa kila mwezi, wakati kwenye filamu unalipwa kwa siku za kupigwa picha tu, na siku hizo zinaweza kuwa tatu kwa mwaka.

Baada ya kuhitimu utahitaji wakala. Wa binafsi wanachukua asilimia yao. Lakini kuna ZAV-Künstlervermittlung, kitengo cha shirika la ajira la serikali kinachowatafutia wasanii kazi bila kuwatoza, na watu wake huja kuwatazama wahitimu wa shule za maigizo.

Na kwenye ule wimbo wa usaili, mwanangu, usiende na wimbo wa Kijerumani uliojifunza juzi ili uwapendeze. Wasaili wamesikia mia wa namna hiyo tangu asubuhi. Kama kuna ala unayoipiga vizuri, waulize kwenye barua ya maombi kama unaruhusiwa kuibeba. Fomu zao zinatoka mapema na zinafungwa miezi kadhaa kabla ya usaili, kwa hiyo tazama tarehe za shule unayoitaka wiki hii.